Shoti shifta sio stiki iliyokatwa

Jumamosi nimemsikia tena mtu gereji anasema "nimeweka shoti shifta, sasa hivi gari inachanganya haraka", nikachungulia ndani nikaona stiki ya gia imekatwa kwa grenda, kichwa kikafungwa chini zaidi. Nimesikia hivyo mara nyingi mno, acha niandike.

Shoti shifta ni kifaa kinachopunguza umbali ambao mkono unasafiri kutoka gia moja kwenda nyingine. Maana yake imeisha hapo. Shida iko kwenye hilo neno shoti.

Kwetu shoti ina kazi zake tayari, umeme unapiga shoti, konda akihesabu hela jioni anakuta ana shoti, farasi anakwenda shoti. Hiyo ya farasi naona ndo inapotosha maana inabeba mbio, mtu akisikia shoti anajua gari itakimbia. Hapa ni Kiingereza tu, maana yake fupi, na kinachofupishwa ni safari ya stiki. Halafu Waingereza wenyewe wana msemo mwingine unaofanana kabisa, wakisema dereva kashoti-shifti wana maana kapanda gia ya juu mapema kabla resi ya injini haijapanda, hiyo ni tabia ya dereva, hata kwenye Hilux ya mzee unaweza kufanya bila kufunga kifaa chochote.

Sasa stiki ya gia ni wenzo, ule ule wa darasani, una egemeo, pale stiki inapochezea. Tuseme juu ya egemeo kuna sentimita 20 na chini 4, basi mkono ukisogea 10 kule chini inasogea 2. Shoti shifta ya kweli inarefusha ile sehemu ya chini, iwe 5, kwa hiyo mkono unasogea 8 tu kupata zile 2 zile zile, na pembe ambayo stiki inalala inapungua. Ukikata juu ibaki 16 nakubali umbali wa mkono nao unashuka mpaka 8, ila pembe ni ile ile, na mkono sasa unaufuata chini karibu na magoti. Na kwa njia zote mbili nguvu ya kusukuma stiki inaongezeka kwa robo, ndo maana watu wanalalamika gia imekuwa ngumu wakati giaboksi ni nzima kabisa.

Kuhusu ulaini, hiki kitu hakilainishi gia. Ndani ya giaboksi kuna ringi za sinkro, teknolojia ambayo Cadillac waliitoa 1928, kazi yake ni kusawazisha mzunguko wa gia na shafti kabla meno hayajashikana, na hazijui kama umebadilisha stiki, zinataka muda wao ule ule. Ukisukuma kwa pupa kwa sababu safari ni fupi unazikaba, gia inakwaruza, zinaisha mapema. Ukitoka ya pili kwenda ya tatu, kanyaga klachi mpaka chini, toa mguu kwenye mafuta, vuta mpaka fri, iache springi irudishe stiki katikati ndo uingize ya tatu, na ukipangua kurudi gia ya chini gusa resi kidogo kabla hujaachia klachi. Kwenye shoti shifta hapo katikati ndo pa kuwa makini zaidi maana nafasi za gia zimesogeleana, mtu anatoka ya tano anataka ya nne anajikuta kaingiza ya pili kwenye spidi, injini inazungushwa kupita uwezo wake.

Mimi nazipenda, mkono unapata raha sana, na Mazda MX-5 inatoka kiwandani na safari fupi hivyo hivyo. Kwa hiyo ndugu yangu ukienda kwa fundi usimwambie akufupishie stiki, mwambie unataka kupunguza safari yake, na kabla hajashika grenda muulize egemeo liko wapi.