Je, Wajua kwa Nini Watunza Kasa Hufuta Alama za Kasa Mchangani?

Alfajiri, kabla jua halijakausha mchanga, mtu anapita ufukweni macho yakiwa chini. Huenda ni Juani, kule Mafia, huenda ni Watamu, kule Kenya. Anakuta alama pana kama njia ya trekta: imetoka majini, imepanda mpaka kwenye majani, kisha imerudi baharini. Anaipima upana kwa futi kamba na kuandika kwenye daftari. Akishamaliza anaiburuzia mguu alama ile, kutoka juu hadi chini, mpaka inapotea.

Kwa mgeni inaonekana kama uharibifu wa ushahidi. Lakini fikiria kesho asubuhi. Mvua isiponyesha na maji yasipofika pale juu, alama ya kasa hukaa mchangani siku kadhaa. Mwenzake atakayeshika zamu kesho ataiona, naye ataihesabu. Kesho kutwa itahesabiwa tena. Kasa mmoja atakuwa watatu daftarini, na kijiji kitafurahi kwamba kasa wameongezeka kumbe wamepungua. Sababu nyingine ni wezi. Kiota kina mayai mia moja na zaidi, nayo hukaa chini ya mchanga kama miezi miwili. Alama isipofutwa humwelekeza mwizi mpaka mlangoni.

Kabla ya kufutwa, alama husomwa, na mimi hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Kasa wa kawaida, yule mkubwa aitwaye kasa wa kijani, hujivuta kwa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo mikwaruzo ya kushoto na kulia hutazamana, jozi kwa jozi. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, hupeleka pezi moja baada ya jingine, kama mtoto anayetambaa, na mikwaruzo yake hupishana. Pia si kila kasa aliyepanda ametaga. Wapo wanaopanda, wakashtuliwa na taa au kelele, wakageuza. Huyo naye lazima aandikwe, tena aandikwe kama alivyo: alipanda, hakutaga.

Asubuhi nyingi hakuna alama hata moja. Basi andika sifuri. Wanaojitolea wengi huona aibu kujaza ukurasa kwa sifuri, wakaacha wazi. Lakini baada ya mwaka, ukurasa ulioachwa wazi hausemi kitu: huwezi kujua kama kasa hawakuja au mhesabu ndiye hakuja.

Thamani ya sifuri hizo ilionekana kwenye pwani ya magharibi ya Marekani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi uitwao COASST wa Chuo Kikuu cha Washington umewafundisha watu wa kawaida kupita kipande kilekile cha ufukwe kila mwezi, wakitafuta ndege wa baharini waliokufa. Wakimpata ndege humfunga kamba ndogo ya plastiki yenye rangi kwenye bawa, ili mwezi ujao asihesabiwe upya. Ni akili ileile ya kufuta alama ya kasa. Miezi mingi walikuta ndege wachache tu. Halafu, kati ya mwaka 2015 na 2016, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, ndege aitwaye murre, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, alianza kuletwa na mawimbi kwa wingi. Kuanzia California hadi Alaska waliokotwa kama 62,000, wamekufa au wanakata roho. Watafiti waliweza kusema hali ile ilizidi kawaida kwa kiasi gani kwa sababu kawaida yenyewe ilikuwa imeshaandikwa, mwezi baada ya mwezi, na watu wasiolipwa.

Takataka nazo zina hesabu yake. Kupima kwa kilo peke yake hakutoshi, maana wavu mmoja uliolowa unaweza kuzidi uzito wa gunia la vifuniko vya chupa. Mwaka 1986 huko Texas, Linda Maraniss na Kathy O'Hara waliitisha usafi wa ufukwe wakawataka watu waandike kila kipande walichookota, na zoezi lile likazaa usafi wa fukwe unaofanywa duniani kila Septemba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Nani anaweza kusema kwa uhakika kama marufuku hiyo imefika kwenye ufukwe wa kijiji chake? Ni yule tu aliyehesabu mifuko kabla.

Mmomonyoko ndio mgumu kuupima kuliko yote, kwa sababu ufukwe wetu huhama wenyewe. Upepo wa kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, upepo wa kaskazi ukaurudisha. Ukipiga picha mwezi mmoja utalia, ukirudi baada ya miezi sita utacheka, na mara zote mbili utakuwa umekosea. Inabidi kulinganisha kusi na kusi, kaskazi na kaskazi, kwa miaka. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari imekula ardhi mpaka ikafikia majengo, na kati ya sababu zilizotajwa na watafiti ni kuchimbwa kwa mchanga kwenye mito iliyokuwa ikiuleta ufukweni.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery alikieleza mwaka 1961: fimbo mbili zenye urefu sawa, zilizotiwa alama za vipimo, na kamba ya kuzitenganisha. Maji yakiwa yamekupwa, mmoja husimamisha fimbo yake upande wa nchi kavu, mwenzake upande wa bahari. Wa nchi kavu hutazama juu ya ncha ya fimbo ya mwenzake mpaka mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, kisha husoma mstari huo unakata wapi kwenye fimbo yake. Kutoka nchani hadi hapo ndicho kiasi ambacho mchanga umeshuka. Wanasogea urefu wa kamba, wanasoma tena, mpaka wafike majini.

Huanzia kila mara kwenye kitu kisichohama: mwamba, kona ya jengo, nguzo ya zege. Mnazi haufai. Ufukwe ukiliwa, mnazi ni wa kwanza kuanguka, nao huondoka na mahali vilipoanzia vipimo vyako vyote.