Ekseli ya Land Cruiser: pima ya zamani kabla hujaagiza nyingine

Masika yakiisha, simu za wateja wangu hapa Kigoma hufanana. "Fundi, nimepata ekseli ya nyuma Dar, bei imekaa vizuri, nitume hela?" Nami huuliza: gurudumu la gari lako linafungwa kwa nati ngapi? Wengi hawajawahi kuhesabu, na hela inakaribia kutumwa. Ekseli nzima, yaani mhimili wote wa magurudumu mawili, ni mzigo mzito. Ukishafika huku kwa basi au kwa treni na ukaonekana si wenyewe, nauli ya kuurudisha inaweza kula faida yote uliyoidhania.

Gari nyingi ninazozishika ni Land Cruiser za familia ya 70, yaani 75, 78 na 79. Hizi ndizo zinazobeba wagonjwa Kasulu na Kibondo, wafanyakazi wa miradi, na mizigo ya kila aina hadi Urambo na Kaliua. Ile 75, inayoandikwa HZJ75, ina nati sita kwa kila gurudumu. Toleo la 78 na 79 lililoanza 1999 lina nati tano, na mbele likahama kutoka springi za pleti kwenda koili. Ukifunga ekseli ya nati sita nyuma huku mbele ni tano, gari litatembea, ila sasa unahitaji spea tairi mbili tofauti. Kwenye pori la kati ya Uvinza na Mpanda hilo si jambo dogo.

Kinachofuata ni jinsi ekseli inavyobeba uzito, na hapa huwa sitaki mjadala na mteja. Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser hizi za kazi kwa kawaida ni fulufloti: habu (kitovu cha gurudumu) imekaa juu ya beringi mbili kwenye hausingi (ganda la ekseli) yenyewe, na shafti, ile fimbo ya ndani, kazi yake ni kuzungusha tu. Shafti ikikatika, tairi linabaki mahali pake, unachomoa vipande bila hata kuvua gurudumu, kisha unaweka fowili (magurudumu yote manne yapate nguvu) na kurudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele. Prado na Hilux nyingi ni semifloti, ambapo shafti hiyohiyo inazungusha na kubeba uzito wa gari. Ikikatikia nje ya beringi, tairi linatoka na kipande chake. Kuitambua ni rahisi: kwenye fulufloti, katikati ya habu pametokeza kifuniko cha chuma chenye duara la nati. Kama gari lako ni la mzigo au la abiria, usikubali kupewa semifloti kwa sababu tu imepatikana haraka.

Uwiano wa difu, zile gia za katikati ya ekseli, ndio unaowaumiza watu kimyakimya: ni propela shafti inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, kwenye tope hutasikia kitu kwa sababu matairi yanateleza. Ukifika kwenye ardhi ngumu na fowili bado imeingia, mitambo inaanza kukazana yenyewe kwa yenyewe: usukani mzito, kijiti cha fowili hakitaki kutoka, na mwishowe kitu kinavunjika. Bati la utambulisho la gari lina mstari wa ekseli wenye herufi na tarakimu zinazoeleza ukubwa wa difu na uwiano wake, lakini magari ya huku yameshabadilishwa viungo mara nyingi, kwa hiyo mimi bati siliamini peke yake.

Napima kwa chaki. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo pande zote mbili, weka gia na kijiti cha fowili kwenye nyutro, achia hendibreki, kisha inua tairi moja tu la nyuma na kuweka stendi. Chora alama kwenye tairi, nyingine kwenye propela shafti, ile inayotoka gia boksi hadi difu. Zungusha tairi mizunguko 2 kamili huku mwenzako akihesabu propela; tairi la pili likiwa limesimama, miwili ya moja ni sawa na mmoja wa yote mawili. Ikizunguka mara 4 na kisehemu kidogo, hiyo ni 4.1, ikipita 4 kwa karibu theluthi moja, ni 4.3, ikikaribia 4 bila kuifikia, ni 3.9. Kwa ekseli iliyo chini dukani, mwambie muuzaji afungue difu ahesabu meno: 37 ya kraunwili (gia kubwa) kwa 9 ya pinioni (gia ndogo) ni 4.11, 43 kwa 10 ni 4.3, 43 kwa 11 ni 3.9. Muuzaji anayekataa kufungua, achana naye.

Hapohapo dukani kwangua rangi kwenye mishono ya kuchomelea, pale mirija inapoingia kwenye tumbo la difu. Rangi mpya kwenye ekseli ya mtumba hunitia shaka kuliko kutu. Pima pia umbali kati ya viti vya springi, na uangalie kama breki ni za ngoma au diski, kwa kuwa hendibreki na mabomba vinafuata hapo.

Kwenye kufunga, kichwa cha senta bolti, ile inayoshika pleti za springi katikati, lazima kizame ndani ya tundu la kiti cha springi. Kikikaa nje hata kidogo ekseli inakaa upande na gari linatembea kama kaa. Yubolti, bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nanunua mpya kila mara. Za zamani zimeshavutika na hazishiki tena inavyotakiwa. Nazikaza kwa msalaba, na mkazo wa mwisho nautoa gari likiwa limekalia magurudumu yake. Kama viti vimechomelewa upya, flenji ya difu na flenji ya gia boksi ziwe sambamba, la sivyo propela itatetemeka hadi imalize misalaba yake.

Beringi za habu mafundi wengi hukaza kwa hisia. Mimi natumia mizani ya springi ya kuning'iniza, ileile ya wauza migebuka sokoni. Nakaza nati ya habu, nazungusha habu kwenda na kurudi ili beringi zikae, nalegeza, nakaza tena taratibu. Kisha naning'iniza mizani kwenye bolti ya gurudumu na kuvuta hadi habu ianze kusogea. Namba inayosomeka nalinganisha na kitabu cha gari. Ikilegea beringi inagonga, ikibana sana inaungua.

Kuna vikoni vidogo vinavyokaa chini ya nati za shafti kwenye habu, vyenye mpasuko upande mmoja. Vikipotea, kuna watu huweka washa bapa, na gari linaondoka vizuri tu. Ila bila koni shafti inacheza kwenye stadi (bolti zilizosimama kwenye habu), stadi zinakatika moja baada ya nyingine, na mwenye gari analaumu ekseli. Nunua seti nzima.

Usisahau kipumulio, kile kitundu cha hewa juu ya ekseli. Ekseli iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Kwa anayepita kingo za Malagarasi mvua zikinyesha, naunganisha mpira kutoka kwenye kipumulio hadi juu ndani ya chumba cha injini. Oili ya difu ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Mwaga yote, weka 80W-90 ya GL-5. Difu ya kujibana, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, ina oili yake maalumu.

Toa hewa kwenye breki, rekebisha kijiti cha vali ya breki kinachoungana na ekseli kwa nyuma, halafu nenda Ujiji na kurudi bila mzigo. Gusa habu zote kwa kiganja: iliyo moto kuliko mwenzake irudi karakana. Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, lete gari tukaze yubolti upya, kwa sababu springi hukaa sawasawa baada ya kutikiswa.