Umeanza kula mboga? Vidonge vya presha usivitupe

Swali: Ulaji wa mimea ni upi?
Maharage, kunde, choroko, mboga za majani, matunda, karanga, ugali wa dona. Nyama ipungue sana au iondoke. Chipsi, maandazi na soda havina nyama, lakini moyo hauvishukuru. Tui zito la nazi kila siku nalo lipunguzeni: zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya.

Swali: Unasaidiaje moyo?
Kolesteroli ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa inayoulisha moyo, na njia ya damu ikawa nyembamba. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo. Nyuzinyuzi za maharage huinasa nyongo hiyo tumboni na kutoka nayo chooni, kwa hiyo ini hulazimika kuvuta kolesteroli nyingine kutoka kwenye damu.

Swali: Ni kweli ugonjwa huu wa mishipa ya moyo hurudi nyuma?
Kwa kiasi. Mwaka 1990 daktari Dean Ornish wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa waliokula mimea yenye mafuta kidogo mno, wakafanya mazoezi, wakaacha sigara na kujifunza kutuliza msongo. Baada ya mwaka mmoja, mishipa ya wengi wao ilikuwa imepanuka kidogo. Nasema kidogo. Tena walikuwa wagonjwa wachache, na chakula hakikufanya kazi peke yake.

Swali: Basi niache dawa?
Hapana. Hili ndilo linalotuumiza kliniki. Mtu anarudi ana furaha, miezi miwili anakula mchicha na dengu, vidonge kavitupa. Ukimpima, presha 190 kwa 110. Anashangaa, maana haumwi popote. Presha haiumi, ndugu yangu, mpaka siku inapoleta kiharusi.

Swali: Lakini nilipopima ilikuwa imeshuka.
Imeshuka ukiwa unameza dawa. Usiache. Chakula kikifanya kazi vizuri, daktari atakupima na kupunguza dozi mwenyewe, nimeliona likitokea. Na uliyewekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, ndiyo usithubutu kabisa: ukiacha ghafla dawa za kuzuia damu kuganda, mshipa unaweza kuziba.

Swali: Kitunguu saumu na tangawizi je?
Tia kwenye mchuzi. Mahali pa dawa, hapana.

Swali: Kuna wa kujihadhari?
Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla bila kumwambia daktari. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Ukiacha pia samaki, mayai na maziwa, utahitaji vidonge vya vitamini B12.

Swali: Kifua kikibana, nikasikia maumivu yanakwenda mkononi au tayani?
Hospitali, saa hiyo hiyo. Usikae nyumbani kuchemsha mitishamba.

Swali: Nikimaliza miezi sita bila nyama, dawa niache?
Hapana. Njoo upimwe.