Je, wajua? Chuo cha Marekani kikifundisha onlaini, kinachoangaliwa ni mwanafunzi yuko jimbo gani

Chuo kiko Ohio, mwalimu yuko Ohio, seva ziko wanakojua wenyewe, halafu mwanafunzi yuko sebuleni kwake Texas na laptopu mapajani. Hapo masomo yanafanyika wapi? Wengi watakwambia Ohio, si ndiko chuo kilikosajiliwa, na kama kina ithibati basi kimemaliza kila kitu, intaneti haina mpaka bwana. Kwa sheria za Marekani jibu ni Texas.

Ni rahisi kukosea hapa, hasa sisi tuliozoea TCU kule Tanzania au CUE kule Kenya, yaani chombo kimoja kikishasema chuo hiki sawa basi ni sawa Mwanza na ni sawa Mtwara. Marekani hawana chombo cha hivyo. Katiba yao haigusi elimu popote, na marekebisho ya 10 ya katiba hiyo yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi, kwa hiyo mwenye kutoa ruhusa ya kufundisha ni jimbo. Ithibati ni habari nyingine kabisa, inatolewa na taasisi zisizo za serikali zinazokagua ubora, na Wizara ya Elimu yenyewe hapo kazi yake kubwa ni kushika mfuko wa mikopo na misaada ya wanafunzi. Matokeo yake chuo kinaweza kuwa na ithibati safi kabisa na bado kikawa kinafundisha watu wa jimbo la jirani kinyume cha sheria, maana ubora hakuna aliyeuliza, kilichoulizwa ni kibali.

Kisa kitamu zaidi ni cha Minnesota, 2012. Coursera walikuwa wanatoa kozi za bure za vyuo vikubwa, na ofisi ya elimu ya juu ya jimbo ikawakumbusha kwamba vyuo hivyo havina kibali cha kufundisha Minnesota. Coursera wakaandika kwenye masharti yao kwamba mkazi wa Minnesota asisome, au kama anasoma basi sehemu kubwa ya kazi aifanyie nje ya jimbo! Watu walicheka sana, na baada ya muda mfupi wakuu wa ofisi wakasema hakuna atakayezuiwa kusoma kitu cha bure.

Nyuma ya vichekesho kulikuwa na mzigo kweli. Kila jimbo lilikuwa na tafsiri yake ya nini maana ya chuo "kuwepo" kwake. Kuna lililojali jengo tu, lingine likihesabu hata tangazo, au mwalimu mmoja anayeishi pale, au mtihani wenye msimamizi. Mwaka 2010 Wizara ikatoa kanuni kwamba bila kibali cha jimbo aliko mwanafunzi hakuna hela ya serikali kuu, mwaka uliofuata mahakama ikaifuta, na wengi wakadhani mambo yameisha. Kumbe kilichofutwa ni kanuni ya Wizara, tena kwa sababu haikupitishwa kwa utaratibu wa kuwapa watu nafasi ya kutoa maoni, sheria za majimbo zilikuwa palepale.

Dawa iliyopatikana inaitwa SARA, mkataba wa majimbo ulioanza kupokea wanachama 2014. Namna rahisi ya kuuelewa ni ile kadi ya njano ya COMESA wanayotembea nayo madereva wa malori: bima unakata nyumbani kwako mara moja, ukivuka mpaka hukati nyingine, kadi inatambulika. Chuo nacho kinaidhinishwa na jimbo lake, na majimbo mengine wanachama yanakubali. Ila kuna mahali mfano unageuka. Lori likigonga mtu, madai yanashughulikiwa kule ajali ilikotokea. Kwenye SARA mwanafunzi wa Texas akishindwana na chuo cha Ohio, lalamiko lake linaamuliwa na Ohio, na hapo ndipo watetezi wa wanafunzi wanapopiga kelele, sidhani kama wanakosea.

Majimbo 49 yameingia. Lililobaki nje ni California, ndiyo hiyohiyo yenye watu wengi kuliko yote. Mwaka 2019 Wizara, sasa ikiwa na kanuni mpya mahali pa ile iliyofutwa, ikasema California haina utaratibu unaofaa wa malalamiko dhidi ya vyuo vya umma na visivyo vya faida vya nje ya jimbo, kwa hiyo wakazi wake wanaosoma huko onlaini hawastahili misaada ya serikali kuu. Jimbo likatengeneza utaratibu ndani ya wiki chache, joto likashuka.

Halafu SARA haigusi leseni za kazi, na hili liwafikie ndugu zetu wengi walioko huko wanaosomea unesi. Mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX, ni uleule nchi nzima, lakini nani aruhusiwe kuufanya inaamua bodi ya kila jimbo, kwa hiyo kozi inayokubalika jimbo moja inaweza kukataliwa jingine, muulize chuo kwa maandishi kabla hujalipa. Na mkataba huu ni wa ndani ya Marekani tu, ukiwa Nairobi haukuhusu.

Chuo kinajuaje sasa uko wapi? Kwa kawaida unavyojiandikisha, na baadaye ukitoa taarifa rasmi kwamba umehama. Aliyehamia California katikati ya kozi akanyamaza, kwenye vitabu vya chuo bado ni mtu wa Texas.