Dhamana si kununua kesi

Mshtakiwa akitoka mahabusu kwa dhamana, hukosi mtu wa kunong'ona: "Hakimu keshakula huyo." Sivyo. Dhamana haifuti kesi wala haimtakasi mtu; ni ahadi kwamba atarudi mahakamani kila atakapoitwa. Fedha ikiwekwa, ni kama rehani: akihudhuria hadi mwisho, kwa kawaida hurejeshwa, hata akitiwa hatiani. Akitoroka, mdhamini aliyetia sahihi ndiye anayebaki kuitolea macho hati yake ya nyumba.

Wala si hisani ya polisi. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 kinasema kuwaweka watu rumande wakisubiri kesi kusiwe ndiyo kanuni ya jumla. Anayetaka mtu abaki ndani aeleze sababu: atatoroka, au atawatisha mashahidi.

Kinachoumiza hasa ni masharti. Hakimu anatamka "dhamana iko wazi", kisha anataka kiasi ambacho mshtakiwa hajawahi kukishika maishani. Kwangu mimi huko ni kunyimwa kwa lugha ya adabu. Hapo mshtakiwa, au wakili wake, aombe masharti yalegezwe. Akikataliwa, apande mahakama ya juu.