Statini si dawa ya presha
Wapo wagonjwa wa shinikizo la damu ambao, wakiandikiwa atorvastatini, dawa ya lehemu (kolesteroli) ya kundi la statini, huacha amlodipini, dawa yao ya presha, wakiamini kidonge kipya kinatosha. Hilo ni kosa la hatari. Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu, nalo ini likipungukiwa huvuta kwa wingi zaidi lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Presha yenyewe hushuka kidogo mno. Daktari huongeza statini juu ya dawa ya presha kwa sababu nyingine: katika utafiti wa ASCOT, uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa wa presha waliomeza miligramu 10 za atorvastatini kila siku walipata mishtuko ya moyo pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, ilhali presha za makundi hayo mawili zilikaribia kulingana.