Kifuko cha Rathke kikirudi: yanayosemwa na ukweli wake

Kifuko cha Rathke hukaa kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Ni mabaki ya ukuaji wa mtoto akiwa tumboni, wala si saratani. Vingi havina dalili na huachwa vilivyo. Hufanyiwa upasuaji kinachobana neva za macho, kinachopunguza homoni au kinacholeta maumivu makali ya kichwa.

Dhana: Kimerudi kwa sababu daktari hakukitoa chote.

Dhana hii ndiyo yenye madhara zaidi, maana humfanya mgonjwa adai ukuta wote ung'olewe. Ukuta huo umeshikamana na tezi na kikonyo chake kinachoiunganisha na ubongo. Ukibanduliwa wote, mgonjwa anaweza kubaki akikojoa lita nyingi kwa siku na kutegemea desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo, maisha yote. Ndiyo sababu daktari hutoboa kifuko, hunyonya ute, huosha, kisha hupeleka kipande cha ukuta maabara. Mara nyingi kinachokirudisha ni tundu kuzibwa na kovu huku ukuta ukiendelea kutoa ute. Upasuaji ukirudiwa safari ya pili, tundu hupanuliwa lifunguke kwenye sinasi ya sfenoidi, uwazi ndani ya mfupa ulio nyuma ya pua, na kingo zake hutandikwa utando wa pua ili lisizibe tena. Hilo hufanyika tu iwapo maji ya ubongo hayavuji. Yakivuja, pazibwe: mafuta kutoka tumboni, juu yake utando wa ukuta wa kati wa pua ukiwa bado na mshipa wake wa damu.

Dhana: Safari ya pili lazima fuvu lifunguliwe.

Mara nyingi hapana. Endoskopi, yaani kamera nyembamba ya milimita 4, hupita puani, na lenzi ya nyuzi 30 huona pembeni. Ugumu ni kwamba kovu limefuta alama za kawaida, hivyo mishipa mikuu ya damu hutafutwa kwa Dopla, kifaa kinachotambua damu inayotiririka kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kukata utando wa ubongo.

Dhana: Hakuna mshono usoni, basi nimeshapona.

Sodiamu, chumvi iliyo kwenye damu, inaweza kushuka kati ya siku ya 4 na ya 10 baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Kichefuchefu, kichwa kuuma au kuchanganyikiwa: kapimwe damu siku hiyohiyo. Maji maangavu yakidondoka puani ukiinama, usiyaite mafua; huenda ni maji ya ubongo. Rudi hospitali haraka, kwa sababu homa ya uti wa mgongo hupitia hapo. Usipenge kamasi, na upige chafya mdomo ukiwa wazi.